Nilivyowafikisha Vijana wa Matondoni kwenye Mtihani wa Useremala

Nilipokubali kuwafundisha useremala vijana wa Matondoni, sikuwaza kwamba tabu ingekuwa kuwapata wanafunzi, maana kijiji chetu kinajulikana Lamu nzima kwa kuunda vyombo na hakuna mtoto hapa asiyeujua mlio wa tezo. Waliandikishwa kumi na wawili mwezi wa Desemba. Kufikia Februari walisalia watatu. Niliwahesabu wengine kuwa wavivu, mpaka mama mmoja aliponiambia, "Fundi, hawa si wavivu. Wewe umewaita msimu wa kaskazi, wakati samaki ndio wapo." Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Mei hivi, vyombo vingi hupandishwa pwani na vijana hushinda barazani. Niliifunga karakana, nikaifungua tena Mei, na safari hiyo walidumu tisa.

Vyombo hivyo vilivyopandishwa ndivyo vilivyokuwa darasa letu. Mashua huvutwa juu siku za bamvua, maji yanapojaa sana, na kwa kawaida haishuki mpaka bamvua nyingine, yapata majuma mawili baadaye. Muda huo uliwatosha kung'oa ubao uliooza, kuchonga mwingine wa mbambakofi, kuupigilia, kisha kukalafati, yaani kuishindilia pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao hadi nyufa zizibe. Wenye mashua walinunua mbao na misumari, wakawapa vijana posho kidogo, nayo posho hiyo, nikisema kweli, iliwashikilia wengi kuliko maneno yangu.

Kilichonitoa jasho ni ramani. Nilitaka wafanye mtihani wa ufundi, daraja la tatu, wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, kwa sababu asiye na cheti, hata awe hodari namna gani, mkandarasi wa Malindi au Mombasa humlipa kama kibarua. Mtihani humtaka mtu asome mchoro wenye vipimo vya milimita, ilhali ami yangu, aliyenifundisha kazi, ameunda majahazi kwa jicho, dhiraa na shibiri tu. Nilipomweleza alicheka: "Mwanangu, chombo huchorwa kichwani."

Sikubishana naye. Nilimwomba asimame kando ya dau aeleze anavyoupima mkuku, yaani mti mrefu wa chini ya chombo, na mataruma, mbavu zake, nami nikawapa vijana futi na karatasi wageuze kila dhiraa yake kuwa milimita. Mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ulitoa 460. Wa kijana mfupi kuliko wote ulitoa 425. Wakatazamana. Fremu ya mlango iliyokatwa na hawa wawili, kila mmoja kwa dhiraa yake, isingekutana pembeni, na tangu siku hiyo sikuulizwa tena mchoro ni wa nini. Kutoka dau tulihamia fremu za milango na madirisha, kwa kuwa huko ndiko waliko waajiri.

Agosti walifanya mtihani saba, wakafaulu watano. Wawili walioanguka waliangushwa na muda, kwani walizoea kuuchonga ubao mpaka uwaridhishe bila kuhesabu saa, na kosa hilo ni langu, si lao. Kusi hii wamerudi wote wawili, nami nimetundika saa ya ukutani karakanani, juu kabisa ya meza ya randa.