Ukurutu uliokuwa ukirudi kila wiki: shida ilikuwa kipimo cha krimu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko. Ngozi nyekundu, ngumu, inawasha usiku mpaka naamka na damu kwenye kucha. Daktari aliniandikia krimu ya steroidi, dawa ya kupaka inayotuliza wekundu na muwasho. Kwa kuogopa itanichubua, nikawa napaka kidogo mno, tena siku mbili tu. Muwasho ukipungua, naacha. Siku ya nne umerudi. Nikabadilisha sabuni, nikachanganya krimu na losheni kiganjani. Wapi!

Mfamasia ndiye aliyenionyesha kipimo cha kidole: kamua mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mimi nilikuwa natumia tone kama punje ya mtama kwa viwiko vyote viwili.

Nikapaka mara moja kwa siku kama nilivyoandikiwa, mafuta ya kulainisha nikayaacha hadi nusu saa ipite. Wekundu ulipotea siku ya 5, lakini safari hii sikuacha hapo. Niliendelea hadi nikipitisha kidole huku nimefumba macho nisisikie ukwaruzo wowote: siku ya 11, ndani ya wiki 2 alizonipa daktari. Usoni sikuigusisha kabisa, maana ngozi ya huko ni nyembamba. Krimu nimeacha, mafuta naendelea nayo kila siku. Huu ni mwezi wa tatu tangu niiache, nalala usiku kucha.