Alama ya Kutoa

Mjomba alinifundisha kurusha ndege za rimoti kwenye ufukwe wa Mambrui, msimu wa kaskazi. Tulikuwa tukingoja maji yakupwe, mchanga ushikamane na kuwa mgumu, ndipo tupange vitu vyetu. Malindi mjini hatukurusha kamwe: watu wengi, na uwanja wa ndege uko karibu mno. Mjomba ni fundi redio, mzaliwa wa Ngomeni, kule ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini. Habari hiyo haimtoki mdomoni, na mimi sichoki kuisikia.

Jioni moja alikuja na ndege ya povu gumu aliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na rimoti yake ya Spektrum. Nikairusha kwa mkono kuelekea upepo unakotoka, mjomba akiwa ameshika vijiti. Ikaondoka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba. Akigusa kijiti kidogo tu, pua inapanda juu, akirudisha, inazama. Akaituliza kwa shida, akaitua.

“Ni kaskazi, mjomba?” nikamuuliza.

“Huu si upepo, mwanangu.”

Akachomoa propela kwanza, kama afanyavyo kila mara kabla ya kugusa mipangilio. Akaweka vidole viwili chini ya mabawa, karibu na theluthi ya kwanza ya upana wake kutoka mbele, akainyanyua. Ikakaa sawa, haikuinamia pua wala mkia. Kumbe uzito haukuwa na kosa.

Basi akaniita nichuchumae nyuma ya mkia. Akavuta kidogo mno kijiti cha eleveta, yaani kile kibawa cha mkia kinachopandisha na kushusha pua, hata sikuona kidole kikisogea, na kibawa kikaruka juu. Alipozidi kuvuta hadi mwisho, kikaongeza kidogo tu. Mwendo wote ulikuwa umerundikana katikati.

Akafungua menyu ya ekspo, mpangilio wa rimoti unaoamua kijiti kiwe laini au kikali karibu na katikati. Palikuwa na 30, na mbele yake alama ya kutoa. Mjomba akacheka kwa furaha, maana yeye ni mtu wa rimoti za Futaba tangu zamani na alijua papo hapo kilichotokea. Kwenye Futaba, ukitaka kulainisha katikati ya kijiti unaweka namba hasi. Kwenye Spektrum unaweka chanya. Mwenye ndege wa kwanza bila shaka alikuja na mazoea ya upande wa pili. Ekspo haipunguzi upeo wa eleveta, ukisukuma kijiti hadi mwisho unaupata wote. Inachobadilisha ni jinsi unavyoufikia. Ndiyo maana akaongeza na reti ndogo ya asilimia 70 kwenye swichi, hiyo ndiyo inayopunguza upeo wenyewe. Kwa mwanafunzi, hizo mbili zina thamani kuliko mota yenye nguvu.

Safari hii akanikabidhi rimoti mimi. Ndege ilikuwa ikivutwa kushoto, nikabonyeza kulia trimu, kitufe cha kunyoosha mwendo wa ndege, mlio mmoja mmoja, mpaka nikaachia vijiti na ikaenda yenyewe sawasawa kuelekea mto Sabaki. Nilipiga kelele nikasahau kwamba kuna wavuvi.

Tulipoitua, mjomba akabandika plasta nyuma ya rimoti na kuandika: ekspo +30, reti 70. Betri ya pili ilikuwa bado imejaa, nikamwomba turushe tena.