Niliibiwa na Jirani Yangu

Nilikuwa kidato cha kwanza, mwaka 1996, katika shule ya bweni mkoani Morogoro, pesa zangu za nauli zilipoibwa. Shilingi elfu tano. Nilikuwa nimezikunja ndani ya soksi, soksi nikaisukuma chini kabisa ya tranka, juu yake sare na madaftari. Kufuli nililikuta limefungwa vilevile nilivyoliacha. Zilizong'olewa ni bawaba za nyuma. Jirani yangu wa kitanda cha chini tranka lake lilifanywa hivyo hivyo, wakamchukulia mche mzima wa sabuni, na kwa mtoto wa bweni mche wa sabuni ni muhula mzima wa kufua. Tulikaa kwenye kitanda chake tukalia wote wawili, kisha yeye akanigawia karanga alizokuwa amebakiza.

Mwalimu wa zamu alitaka maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa marufuku ndani ya uzio wa shule. Sisi tulikuwa tumetoka shule za msingi za serikali, ambako tangu 1967 kila somo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni kipindi kimoja kama vingine. Ukivuka darasa la saba, bailojia na jiografia vinageuka Kiingereza. Kwanza tulipewa wiki chache za besilaini, za kutuzoesha, kisha tukatumbukizwa.

Wiki ile tulikuwa tunasoma kauli ya kutendwa. Ubaoni kulikuwa na sentensi nimeinakili na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu: "The food was cooked by mother." Chakula kilipikwa na mama. Kanuni niliishika: baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" ni "by".

Kichwani mwangu nilikuwa na sentensi safi kabisa. Niliibiwa, mimi na jirani yangu. Nikaitafuta kwa Kiingereza neno kwa neno, nikairudia kwa mwandiko mzuri, nikaikabidhi kabla ya kengele ya prepo:

"Yesterday I was stolen my money by my neighbour."

Katikati ya prepo mlango wa darasa ukafunguliwa. Dada wa zamu akataja jina la jirani yangu, akamwambia abebe madaftari yake yote. Akainuka, akanitazama kama anayeniuliza kuna nini, nami sikujua. Nilidhani amepata simu ya msiba nyumbani. Hata nilimwombea.

Baada ya kama nusu saa nikaitwa mimi. Nilimkuta amesimama kwenye veranda ya ofisi, uso ameuelekeza ukutani, na miguuni pake tranka lake likiwa wazi, nguo zimemwagwa sakafuni. Hakugeuka. Ndani, mwalimu wetu mzee wa Kiingereza alikuwa ameingia kuchukua chaki, akayakuta maelezo yangu mezani na kuomba ayasome. Alikuwa ameyashika karibu na mwanga wa karabai.

"Good evening, sir," nikasema.

Akarudisha mlango, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu pale shuleni. Akaongea Kiswahili.

"Mwanangu, kaa. Jirani yako ndiye aliyekuibia?"

"Hapana, mwalimu! Yeye naye ameibiwa. Tumeibiwa wote."

Alinyamaza. Akaiweka karatasi mbele yangu na kuweka kidole kwenye "by". Akasema neno hili linamtaja mtenda. Hapo nikaelewa kwa nini rafiki yangu alikuwa ameelekea ukutani, na machozi yakanitoka upya, mengi kuliko ya zile pesa.

Hakunikaripia. Aliigeuza karatasi nyuma akaandika maneno manne, moja chini ya jingine: iba, ibia, ibwa, ibiwa.

"Pesa zimefanywaje?"

"Zimeibwa."

"Na wewe?"

"Nimeibiwa."

Akaizungushia duara ile i iliyo katikati ya "ibiwa". Akasema herufi hiyo moja ndiyo iliyonibeba mimi, mwenye pesa, ikaniingiza ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina herufi ya namna hiyo. Ukisema "I was stolen", umesema nimeibwa, mtu mzima nimebebwa kama kuku. Aliyepatwa na jambo, Kiingereza humfunga kwa neno dogo linalokaa nje ya kitenzi, na kila kitenzi kina lake. Akaandika:

"steal something from somebody"
"rob somebody of something"

"Ukianza na kitu, daraja lako ni from. Ukianza na mtu, daraja ni of. Hayaazimani."

Nilikuwa nimefundishwa "steal" ni kuiba na "rob" ni kunyang'anya, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baada ya neno kuna njia, na kwamba njia hiyo nayo ni sehemu ya neno. Akatoa mkobani kamusi yake, imevikwa karatasi ya kaki, ile ya Hornby ya wanaojifunza Kiingereza, toleo la 1974. Kando ya vitenzi kulikuwa na herufi VP, yaani "verb pattern", muundo wa kitenzi, na namba, vitu ambavyo mwanafunzi huruka. Akanionyesha namba 14: kitenzi, nomino, kihusishi, nomino. Sentensi yangu yote ya wizi ilikuwa inalala ndani ya namba ile. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza, na kamusi yake ya kwanza, yeye na wenzake, ilichapishwa Tokyo mwaka 1942. Ilinigusa sana kulijua hilo. Kamusi ile ilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao maana ya neno wanaweza kuipata popote, lakini hawana mama wa kuwaambia linafuatwa na nini.

"Sasa huyu mwenzako hapo nje," mwalimu akasema, "ametuhumiwa kwa wizi. Kwa Kiingereza?"

"Accused for stealing."

Akatikisa kichwa. Accused of. Blamed for. Charged with. Suspected of. Kwetu "kwa" inazibeba zote, kutuhumiwa kwa, kulaumiwa kwa, kushtakiwa kwa. Kwao kila moja imeoa kwingine. "Usikariri kitenzi peke yake," akaniambia. "Kikariri na kihusishi chake, kama unavyomtaja mtu na jina la baba yake."

Leo mimi mwenyewe nashika chaki. "Depend" siiandiki ubaoni bila "on". Mtoto akiniambia "explain me" simsahihishi kabla sijamwonyesha kwamba katika "nieleze" yule "ni" anakaa ndani ya kitenzi, na kwa Kiingereza lazima atoke nje, apewe "to" yake. Na hilo nalieleza kwa Kiswahili, mlango ukiwa wazi. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote: aliyekatazwa lugha yake hana pa kusimama ili aione ya pili.

Usiku ule mwalimu alinipa karatasi mpya. Niliandika polepole, nikiuliza kila neno dogo kabla ya kuliweka. Nilipomaliza aliisoma kwa sauti, kisha akamwendea mwalimu wa zamu chumba cha pili. Waliongea kidogo. Akarudi, akafungua mlango, akamwita jirani yangu ndani.

Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, mbele ya walimu wawili, na hakuna aliyenizuia. Hakujibu. Mwalimu akampa karatasi ile. Aliipeleka kwenye karabai, akaisoma kwa kidole kama tulivyosoma wote wakati ule, midomo ikicheza bila sauti:

"Somebody stole five thousand shillings from my trunk and a bar of soap from hers."

Kidole kikasimama kwenye neno la mwisho.

"Hii hers ni mimi?"

"Ni wewe," nikamwambia. "Tranka lako."

Akalirudia neno mara mbili, taratibu. Kisha tukatoka verandani, tukapiga magoti, tukaanza kukunja nguo zake na kuzirudisha moja moja.