Kati ya IST na RAV4 ya zamani, tulibaki na RAV4

Tulikuwa na magari mawili ya Toyota, IST ndogo na RAV4 ya four wheel, na moja ilibidi tuliuze. Karibu kila tuliyemuomba ushauri alisema tuuze RAV4. Hoja yao ilikuwa mafuta, na hapo walikuwa sahihi. Nilijaza tangi kila gari, nikatembea nalo wiki nzima, nikajaza tena na kugawa kilomita kwa lita. IST yetu ya 2003 ilikwenda kama kilomita 15 kwa lita. RAV4 ya 1998 haikuvuka 9.

Kubaki na yote mawili tusingeweza. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, lakini bima ipo palepale, na gari likiegeshwa muda mrefu kwenye jua la Dodoma, betri inakufa na tairi zinapasuka pembeni.

Mimi na mke wangu tukajiuliza: gari hili lisipokuwepo, nani atafanya kazi yake? Kutoka nyumbani Nkuhungu kwenda mjini kuna daladala, kuna bajaji, na usiku kuna bodaboda. Shambani je? Tuna zabibu upande wa Hombolo. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Machi yanaangukia kwenye mvua. Korongo ambalo Septemba ni mchanga mtupu, Machi lina maji na tope. Zabibu ikishakatwa haingoji. Ikilala kwenye kreti na joto lile, mnunuzi anashusha bei au anaikataa kabisa. Njia ile IST inagusa chini hata kiangazi.

Magari yote yalikaguliwa na fundi asiyekuwa na mpango wa kununua wala kutafuta mteja. Naomba mlizingatie hilo, maana mafundi wengi ni madalali pia. Alifika asubuhi injini zikiwa za baridi, akaangalia kama kuna oili kwenye maji ya rejeta, akapima kompresheni silinda moja moja, kisha akaingia chini. IST ilionekana nzima kuliko RAV4, na injini yake ya 1NZ inatumia cheni ya taimingi, isiyo na ratiba ya kubadilishwa kama mkanda. Kwangu hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuiuza: gari zima linalokula mafuta kidogo halikai sokoni, na fedha yake ingetosha kuitengeneza RAV4.

RAV4 ina injini ya 3S, inayotumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hatukuwa na kumbukumbu ya mara ya mwisho, tukauhesabu umekwisha. Tulibadilisha mkanda pamoja na wota pampu, bushi, shokapu za nyuma, na tairi zote nne za saizi moja, kwa kuwa four wheel ya gari hili inafanya kazi muda wote na tairi zisizolingana zinaiumiza. Ea klina naikagua kila nikitoka shamba. Vumbi la huku si la kuachia mpaka siku ya sevisi.

Mnunuzi wa IST alitaka achukue gari kwanza, jina abadilishe baadaye. Tulikataa. Tulihakiki kwanza kwamba namba haina deni la faini, tukaandikishana mkataba kwa wakili, tukamaliza kuhamisha umiliki TRA, ndipo tukampa funguo. Kadi ilikuwa kwa jina la mke wangu, na kila faini ya barabarani ingeendelea kumhesabikia yeye.