Niambie unavyofunga, nitajua unaamini nini

Mabishano ya dini kwenye magrupu ya WhatsApp mi yananichosha, yanaanza na kuishia palepale, Mungu mmoja au utatu, nani mtume wa kweli, mwisho mtu anakasirika anatoka kwenye grupu. Njia yangu ya kulinganisha dini haina ugomvi, naangalia watu wanafungaje. Karibu kila dini kubwa ina habari za kujinyima chakula, ila ukiuliza unajinyima nini, saa ngapi na ili iweje, hapo ndo unaona kila mmoja ana wazo lake kabisa kuhusu huu mwili.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaingia siku hizo hizo, kwa hiyo nyumba kama yetu ya kupanga, Waislamu vyumba vitatu, Wakatoliki viwili, mlokole mmoja, ilikuwa mfungo kila mlango. Kwa Waislamu jambo kubwa ni saa. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi hakiingii kitu mdomoni, hata maji, na tendo la ndoa nalo linasubiri, ila adhana ikishalia unakula chochote cha halali. Uani kwetu jioni ni uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, tende, kaimati, na sahani zinapita mlango kwa mlango, Mkatoliki wa chumba cha pili anapokea hata Ijumaa maana magimbi si nyama jamani. Mgonjwa na msafiri wanaruhusiwa kula, mwenye hedhi hafungi, halafu wanalipa siku zao baadaye.

Wakatoliki wengi hawajui kwamba sheria ya kanisa lao inawalazimisha kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena ni kwa wenye miaka 18 mpaka 59, na kufunga kwenyewe ni mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Ijumaa za Kwaresima wanaacha nyama. Siku nyingine zote mtu anajipangia mwenyewe, huyu anaacha bia, yule anaacha soda, siku hizi wapo wanaoacha TikTok. Mlokole yeye hana kalenda, anafunga kwa ajili ya jambo, kazi, ndoa, visa, siku 21 za Januari, na akizidiwa na jambo anafunga mfungo mkavu bila hata maji. Mfungo wake ni kama barua ya maombi, una kichwa cha habari kabisa.

Sasa ukitaka Wakristo wanaofunga kwelikweli nenda kwa Waorthodoksi wa Ethiopia. Hawa wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka wana siku 55, ukijumlisha na mifungo mingine muumini wa kawaida anapita siku 180 kwa mwaka, mapadri na watawa wanakaribia 250. Kinachokatazwa ni kila kitu cha mnyama, nyama, maziwa, siagi, mayai, na wanaoshika sana hawagusi chakula mpaka mchana umeenda. Nairobi niliingia mgahawa wa Kihabeshi siku ya Ijumaa nikaletewa injera, ule mkate wao laini wa chachu, pana kama sinia, juu yake vimafungu vimafungu, shiro nzito ya unga wa dengu, dengu nyekundu yenye pilipili inayokuja taratibu, kabichi na karoti, mboga za majani, vyote vya mafuta ya mbegu. Nilishiba mpaka nikajiuliza huu ni mfungo gani, ila mwenzangu mezani akaniambia we kula hivi siku 55 halafu usikie harufu ya siagi ya jirani.

Wayahudi wana Yom Kippur, siku yao ya toba, saa 25 bila kula wala kunywa, hakuna kuoga wala kujipaka mafuta, na viatu vya ngozi vinaachwa, ndo maana utaona mzee kavaa suti safi na raba za kitambaa. Hapa kuna kitu wanaobishana huwa wanakiruka. Hadithi kwenye Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, inasema Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wanafunga siku ya Ashura kwa kuokolewa Musa, naye akaifunga, na Ramadhani ikaja kuwa faradhi mwaka wa pili wa Hijria. Na kwenye Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 183 inasema wazi kwamba mmeandikiwa saumu kama walivyoandikiwa waliokuwa kabla yenu.

Wajaini ndo walionishika zaidi. Tunawaweka wote kwenye kapu la Wahindi, lakini lile hekalu jeupe la marumaru pale Mombasa Langoni Road ni la Wajaini, na Waoshwal, ile jamii ya Kihindi yenye biashara Kenya, ni watu wa dini hii. Kwao hakuna Mungu muumba, kwa hiyo huwezi kusema wanafunga ili kumridhisha, na bado katika kufunga sidhani kama kuna wa kuwashinda. Shabaha ni kutodhuru kiumbe na kuondoa karma, yaani matokeo ya matendo yako, iliyoganda kwenye nafsi. Mjaini anayeshika dini hali viazi, vitunguu wala karoti, kwa sababu ukiing'oa mizizi umeua mmea mzima na vijidudu vyake, na jua likizama anaacha kula asije akameza mdudu gizani. Yaani dakika ileile Mwislamu anapofungua, Mjaini ndo anafunga mdomo! Siku nane za Paryushan, sikukuu yao kubwa, wengine wanashinda na maji yaliyochemshwa tu, halafu siku ya mwisho wanaombana msamaha. Wapo pia wazee wanaoacha kula mpaka kufa, inaitwa sallekhana, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Rajasthan iliiita kujiua, ikaipiga marufuku, mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya India ikaisimamisha ile hukumu. Mi mpaka leo sijaamua niko upande gani.

Wahindu siku ya Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi wa kalenda yao, wengi wanaacha nafaka lakini viazi na maziwa ruksa, kwa hiyo kiazi cha mfungo cha Mhindu ni mwiko kwa jirani yake Mjaini. Buddha yeye alijinyima mpaka akabaki mifupa, akaona haimfikishi popote, akapokea wali wa maziwa kwa mwanamke aitwaye Sujata akala, na leo watawa wake wengi wanakula asubuhi, ikipita saa sita mchana basi mpaka kesho.

Masingasinga hawana mfungo kabisa, Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, hakuona faida yake, wao ibada yao iko kwenye kulisha watu. Ukipita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa simama kwenye hekalu lao la Makindu, vua viatu, funika kichwa, utapewa chapati, dengu na chai bure, hakuna anayekuuliza wewe dini gani, bosi na dereva wa lori wanakula chakula kilekile. Ila ukipakuliwa umalize, kutupa chakula pale hawapendi kabisa.