Daftari la Bibi: nimefika kwenye mkate wa kumimina

Rajabu

Lengo ni lile lile: Ramadhani ikiingia, vyakula vya bibi mzaa mama viwe vimeandikwa vizuri, kiasi kwamba hata mtoto wa dada yangu akishika daftari peke yake atapika na chakula kitoke. Mpaka sasa vimo mchuzi wa pweza, wali wa nazi, visheti na vipopoo.

Bibi hana habari na vikombe vya kupimia. Mchele anapima kwa konzi, unga kwa kopo la maziwa, chumvi kwa chopa. Basi naweka bakuli juu ya mizani kwanza, yeye anatia kwa mkono wake, nami naandika gramu. Konzi yake ya mchele inacheza kwenye gramu 60, leo na kesho. Mkono ule una uhakika wa ajabu.

Hata hivyo gramu peke yake hazipiki. Nazi hazifanani; hii inatoa tui zito, ile majimaji matupu. Ndiyo maana kila ukurasa nimeupa safu mbili: kushoto kipimo, kulia dalili anayoingoja bibi kabla ya kuamua. Kwenye wali wa nazi, kulia pameandikwa kwamba kasimile, lile tui zito la kwanza, inatiwa maji yakishazama na mchele kuanza kuchungulia, kisha moto unapunguzwa na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Mtu akiniomba nakala lakini nafasi ni ya safu moja tu, nitampa ya kulia.

Shaabani

Mwezi huu wote umeliwa na mkate wa kumimina, na unastahili. Kwetu Unguja futari bila huo mkate ina pengo. Vipimo tulivyokubaliana: mchele gramu 400 uliolowekwa usiku kucha, tui zito mililita 375, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga, sukari gramu 150 na ute wa yai moja.

Kazi kubwa iko kwenye kusaga. Mchele hauna mnato wa unga wa ngano unaoshika mapovu ya hamira, kwa hiyo rojo lisipokuwa laini kabisa mapovu yanapotea na mkate unalala. Bibi anachovya kidole, anasugua kwa dole gumba, na akihisi chenga anasema, "Bado, mwanangu, rudisha." Blenda inazunguka tena. Tui liwe vuguvugu tu, maana la moto linaua hamira. Sukari inaingia baada ya rojo kuumuka, kwa sababu ikiwa nyingi mapema inainyang'anya hamira maji na kuichelewesha. Bibi amefanya hivyo tangu alipofundishwa na mamake. Sababu nimeitafuta mimi na kuiandika pembeni, ili atakayerithi daftari asishawishike kuruka hatua.

Rojo likiwa tayari, linashuka kutoka kwenye upawa kama utepe, bila kukatika. Sufuria inapakwa samli na kupashwa mpaka rojo likigusa lilie chaa! Hapo moto wa chini unakuwa mdogo. Matundu yanaanzia pembeni, membamba, yanasogea katikati polepole huku uso ukipoteza mng'ao. Yakishafika katikati ndipo inafunikwa na makaa kuwekwa juu, mengi kuliko ya chini, mpaka uso uwe wa dhahabu. Iliki iliyopondwa asubuhi ile ile inanukia hadi uani kwa jirani.

Binamu yangu wa Maskati hana seredani, ana oveni. Kwake tumeandika ukurasa wa pili: aanzie jikoni juu ya moto mdogo mpaka matundu yajae, kisha aingize sufuria kwenye oveni chini ya moto wa juu. Jana alipiga simu ya video na bibi hakutaka hata kuona rangi. "Nionyeshe matundu." Alipoyaona aliridhika, akamwambia apunguze sukari. Ukurasa wa Maskati sasa una gramu 130.

Kinachofuata ni bokoboko. Ngano nimeshanunua, nyama ya mfupa nimeagiza kwa Ijumaa. Bibi ameshatoa sharti kwamba kaka zangu wawili wawepo, kwa kuwa ule mwiko hauzungushwi na mtu mmoja, na wao pia lazima wajue.