Akaunti Zilizofunguliwa Kodiaga

Mwaka 2016 nilikuwa karani wa kufungua akaunti katika tawi moja la benki mjini Kisumu, na ndipo nilipotumwa pamoja na mwenzangu kwenda gereza kuu lililoko kando ya barabara ya Busia, ambalo wenyeji hulifahamu kwa jina la Kodiaga, ili tuwafungulie akaunti wafungwa waliokaribia kumaliza vifungo vyao. Ombi lilikuwa la afisa wa ustawi wa wafungwa. Alikuwa amechoka kuona watu aliowafundisha ushonaji na useremala wakitoka langoni na vyeti vyao kwenye bahasha, kisha wakikosa hata mahali pa kupokelea malipo ya kazi ya kwanza.

Walio nje wengi hawajui kwamba siku ya mfungwa kutoka hujulikana mapema. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa wa makosa mengi theluthi moja ya kifungo akidumisha nidhamu, kwa hiyo aliyehukumiwa miaka 9 hutumikia miaka 6, na tarehe hiyo huwa imekwisha kuhesabiwa. Afisa wa ustawi aliitumia hesabu hiyo kutuandalia orodha iliyoanza na wale ambao wangetoka kabla ya Krismasi.

Tuliacha simu zetu langoni, tukakaguliwa, tukapelekwa kwenye kanisa la gereza ambako meza mbili zilikuwa zimepangwa. Fomu yetu ilikuwa ile ile anayojaza mwalimu au mchuuzi wa samaki: nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi kutoka mamlaka ya mapato), picha, makazi, kazi, namba ya simu na jina la mrithi. Masharti hayo hayakuwa ya kubuniwa na tawi letu, kwa maana sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha inaitaka kila benki imtambue mteja wake kabla ya kupokea shilingi yake. Kwa mfungwa, hata hivyo, karibu kila kisanduku cha fomu ile kilikuwa na kesi yake.

Vitambulisho ndivyo vilivyotuonyesha thamani ya kufanya kazi hii mapema. Waliokuwa na bahati, vya kwao vilikuwa katika stoo ya gereza, ndani ya bahasha iliyoandikwa namba ya mfungwa, pamoja na mkanda na nguo walizokuja nazo. Wengine walisema vitambulisho vyao vilibaki katika kituo cha polisi siku walipokamatwa. Afande mmoja, kijana mwenye subira ya ajabu, alizunguka kati ya stoo na kanisa asubuhi nzima akileta bahasha moja baada ya nyingine, naye akaahidi kuwaandikia vituo vya polisi barua kuhusu vile vilivyokosekana. Mfungwa mwenyewe angewezaje kufuatilia hayo siku atakapokuwa nje, bila nauli na bila mtu wa kumsikiliza kwenye kaunta ya kituo?

Kisanduku kilichotuchukulia muda mrefu zaidi kilikuwa cha simu. Simu hairuhusiwi gerezani, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yake ikapewa mtu mwingine. Mwenzangu alipendekeza kila mmoja atoe namba ya ndugu. Wengi walikubali, lakini mzee mmoja wa Nyakach, fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za wafungwa wenzake, alikataa.

“Madam,” aliniambia, “ukiandika namba ya mdogo wangu, umemfungulia yeye akaunti. Ng’ombe wangu aliuza nikiwa humu humu.”

Nilimweleza kwamba fomu haiwezi kupita bila namba. Akanijibu, bila kupandisha sauti, kwamba basi aiache. “Nimefanya kazi humu kwa senti, mwanangu. Hizo chache nilizo nazo nataka nizikute.”

Maneno yale yalinikaa rohoni, kwa sababu alikuwa ameuona upungufu ambao sisi tuliofundishwa kazi hii hatukuwa tumeuona. Ujumbe wa benki, namba ya siri na taarifa ya salio vyote vingekwenda kwenye simu ya mtu mwingine, na akaunti iliyokusudiwa kumlinda ingemweka mikononi mwa yule yule aliyemwogopa. Sikuijaza namba yoyote. Nilichukua sahihi yake, ambayo aliifanyia mazoezi kwanza pembeni mwa karatasi, nikachukua na alama ya dole gumba, kisha nikaandika kwa kalamu kwamba mteja atahudumiwa kaunta pekee hadi atakapofika mwenyewe na kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lake.

Tawini fomu yake ilirudishwa, pamoja na nyingine zilizoandikwa gereza kuwa makazi. Nilikwenda kwa meneja nikiwa na barua ya afisa wa ustawi, nikamweleza kwamba hakuna mteja ambaye makazi yake yanaweza kuthibitishwa kwa urahisi kuliko mtu anayehesabiwa kila asubuhi na kila jioni. Mabishano yalikuwa marefu. Mwishowe tulikubaliana kwamba barua ya gereza ithibitishe makazi ya sasa, na anwani ya nyumbani ijazwe baada ya kutoka. Akaunti zikafunguliwa.

Yule mzee alikuja tawini baada ya kuachiliwa, amevaa shati alilolishona mwenyewe, akiwa na laini mpya. Kuiunganisha na akaunti kulichukua dakika chache tu. Aliuliza kama angeweza kutoa fedha kwa wakala akiwa Katito bila kulipa nauli ya kuja mjini, nikamwambia ndiyo, akaweka akiba yake yote isipokuwa ya nauli.

Alikuwa amefuatana na kijana waliyetoka naye gerezani, ambaye siku ile ya kanisani hakuona haja ya kujaza fomu. Huyu kitambulisho chake kilikuwa kimepotea. Ilinibidi nimtume kwanza polisi akachukue abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba ameripoti upotevu, kisha kwa chifu wa kwao, kisha ofisi ya usajili, ambako angesubiri kitambulisho kipya kabla hata ya kurudi kwangu. Na nilipomuuliza analala wapi kwa sasa, alimtazama mzee. Jioni hiyo nilimwandikia afisa wa ustawi, nikamwomba orodha inayofuata ianze na wale wanaotoka baada ya mwaka mzima, na kwamba utafutaji wa vitambulisho utangulie, sisi wa benki tufuate vikishapatikana.